Nani alianza na kompyuta ya nyumbani, Jobs au Gates?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi niko kidato cha tano, Morogoro. Juzi tumebishana bwenini mpaka taa zikazimwa, wenzangu wanasema Steve Jobs ndo alovumbua kompyuta ya nyumbani kwenye gereji ya wazazi wake, mwingine kakomaa kwamba ni Bill Gates. Nani yuko sahihi? Na kwanini wote walikuwa vijana wadogo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote wawili walikuta mlango ushafunguliwa, na alofungua ni Ed Roberts, ambaye huwa anasahaulika na mimi linaniuma kweli. Alikuwa na kampuni ndogo ya kalkuleta, MITS, huko Albuquerque, New Mexico, bei ya kalkuleta ikaporomoka akabaki na madeni, basi akaamua kuuza kompyuta ambayo mteja anaiunga mwenyewe nyumbani. Ikaitwa Altair 8800, ikatoka kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975 kwa dola 397, wakati chipu yake ya Intel 8080, ndo ubongo wa mashine, peke yake ilikuwa inauzwa dola 360! Roberts alielewana na Intel wakampa kwa dola 75, na bila hayo maelewano sioni hiyo bei ingetoka wapi.

Haikuwa na kibodi wala skrini, ni swichi na vitaa tu mbele, na memori baiti 256, yani meseji mbili ndefu za simu zinaijaza. Ila watu waliagiza kwa maelfu.

Sasa Paul Allen akaliona lile jarida, akamkimbilia rafiki yake Gates aliyekuwa Harvard, miaka 19, wakamwambia Roberts tunayo BASIC, lugha ya kuandikia programu, ya mashine yako, na kumbe hawajaandika hata mstari, hata Altair yenyewe hawajawahi kuigusa. Allen akaifanya kompyuta kubwa ya chuo iigize ile chipu, wakakesha wiki kadhaa wanaandika. Alipopanda ndege kwenda kuionyesha akakumbuka hawajaandika kile kiprogramu cha kuingiza BASIC kwenye mashine, akakiandika kwa mkono humo humo angani. Akajaribu 2+2, mashine ikajibu 4. Kampuni yao ya Microsoft ikazaliwa mwaka huo huo.

Gereji ipo kweli, ila ya kwanza kwenye hii habari ilikuwa ya Gordon French, Menlo Park, ambako klabu ya wapenda kompyuta iitwayo Homebrew ilikutana tarehe 5 Machi 1975. Steve Wozniak, rafiki yake Jobs, alikuwepo, na michoro ya kompyuta yake aliyoibuni baadae akawa anawagawia wenzie klabuni bure. Aliipeleka pia kampuni ya HP alikokuwa ameajiriwa, wakaikataa. Jobs ndo alosema hii tuiuze, wakauza gari na kalkuleta kupata mtaji, duka la Byte Shop likaagiza 50 kwa dola 500 kila moja. Hiyo ndo Apple I, mwaka 1976, na Wozniak mwenyewe ameshasema kazi ya kubuni haikufanyika gereji kwa kina Jobs.

Kuhusu ujana, bei ya chipu ilisaidia, lakini mimi naona kubwa zaidi ni nani aliwahi kuigusa mashine. Mwaka 1968 akina mama wa shule ya Lakeside, Seattle, walichangisha hela kwa kuuza vitu vilivyotumika, wakalipia mashine ya kuandikia iliyounganishwa na kompyuta ya mbali. Gates alikuwa na miaka 13 hivi, Allen mbele yake madarasa mawili, wakang'ang'ania hapo kila siku. Kufika 1975 walishakuwa wazoefu wa miaka mingi.

Roberts aliuza kampuni 1977, akaenda kusomea udaktari, akatibu watu kwenye mji mdogo Georgia. Alipolazwa mwaka 2010, siku zake za mwisho, Gates alikwenda hospitali kumwona.