Mpeni Mzee Kiti: Chigongi kwa Wenye Umri na Uzito Mkubwa

Juma lililopita msomaji mmoja, mama wa miaka 63, aliniandikia kwamba ameacha darasa la chigongi, yale mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole yanayoendana na pumzi, kwa sababu mwalimu alimtaka achuchumae mkao wa mpanda farasi huku magoti yakimuuma, na alipoomba kiti akajibiwa kuwa anayekaa hafanyi mazoezi. Ujumbe huo uliniumiza, kwa kuwa maneno ya namna hiyo aliwahi kuambiwa mama yangu mzazi mbele ya vijana wa umri wa wajukuu zake, na mpaka leo sijaweza kumsamehe aliyeyatamka.

Mama ana uzito mkubwa, shinikizo la damu na magoti yaliyolika gegedu. Tulipomtoa katika darasa lile tulianza upya sebuleni kwake na Baduanjin, mfululizo wa miondoko minane unaojulikana huko China tangu enzi za nasaba ya kifalme ya Song (karne ya 10 hadi ya 13), ambao mamlaka za michezo za nchi hiyo zilianza kuusambaza kwa umma katika muundo mpya mwaka 2003. Kiti cha plastiki tulikikataa, maana miguu yake hutanuka chini ya mtu mzito. Tukachukua cha mbao kisicho na mikono, tukakiegemeza ukutani. Alikaa nusu ya mbele, nyayo zote zikiwa sakafuni, magoti yameachana kiasi cha kulipa tumbo nafasi.

Mwondoko wa kwanza, wa kuinua viganja juu kama anayeibeba mbingu, mabega yake yaliukataa, basi viganja vikaishia usawa wa paji la uso, na hapo palimtosha. Wa pili, wa kuvuta upinde, aliupenda tangu siku ya kwanza. Wa sita, unaomtaka mtu ainame mpaka ashike miguu, tuliuacha kabisa, kwa sababu mwenye shinikizo la damu akiinama hivyo kisha akainuka ghafla anaweza kupata kizunguzungu, na kuanguka kwa mzee ni jambo la kuvunjika nyonga. Wa nane, wa kudondosha visigino kwa kishindo, aliufanya ameketi, polepole, bila kishindo chochote. Pumzi hakuibana hata mara moja, kwani kubana pumzi huku misuli imekazwa hupandisha shinikizo la damu. Akishindwa kutamka sentensi nzima kwa utulivu, tulipumzika.

Miezi iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Sasa Mama anafanya mazoezi akiwa amesimama nyuma ya kiti kilekile, mkono mmoja ukiwa kwenye egemeo, magoti yamelegea kidogo tu, na jirani zake wawili wamejiunga naye. Dawa zake anaendelea kuzitumia kama daktari alivyoagiza. Najivunia sana.

Ninyi mnaofundisha, acheni kuupima utu wa mtu kwa kina cha mchuchumao wake. Mzee akiomba kiti, mpeni, na mkimpa msimwangalie kwa huruma.

Nawe mama yangu uliyeniandikia, muone daktari kwanza, kisha anza na miondoko mitatu ya mikono kwa dakika chache, ukiwa umeketi, tumbo halijashiba. Goti likiuma, punguza. Kichwa kikizunguka, acha na utulie kitini mpaka kitulie. Ukibanwa na kifua, acha mazoezi siku hiyo na uende hospitali bila kungoja kesho.