Maswali na Majibu: Kuingia Utafiti wa Biolojia ya Kihesabu

Nina shahada ya kwanza ya biolojia, na hesabu niliagana nayo baada ya kidato cha nne. Je, nimechelewa kuingia biolojia ya kihesabu, yaani kutumia hesabu kujibu maswali kuhusu viumbe hai? (Msomaji, Likoni)

Hujachelewa, ila usijifungie mwaka mzima na vitabu vya hesabu. Ronald Ross alikuwa daktari aliyejifundisha hisabati mwenyewe. Baada ya kuona vimelea vya malaria ndani ya mbu mnamo 1897, alijiuliza iwapo ni lazima mbu wote waangamizwe ndipo ugonjwa uishe. Hesabu zake zikamwonyesha kwamba idadi yao ikishuka chini ya kiwango fulani, malaria hufifia yenyewe. Swali ndilo lililomwelekeza kwenye hesabu alizozihitaji.

Tuseme mitego sita ya mbu imenasa, kwa usiku mmoja, 0, 0, 1, 0, 0 na 37. Wastani unazidi 6 kidogo, ilhali hakuna mtego ulioikaribia idadi hiyo. Ukishaona kwamba wastani huo unapotosha, umefika kwenye nadharia ya uwezekano, na hapo ndipo pa kuanzia. Kalkulasi na matrisi zitafuata utakapotaka kueleza jinsi idadi inavyobadilika siku hadi siku.

Nimesomea hisabati. Nahitaji biolojia kiasi gani? (Msomaji, Kisauni)

Zaidi ya unavyodhani. Sifuri iliyoandikwa daftarini huenda ina maana kwamba hapakuwa na mbu, au kwamba betri ya mtego iliisha usiku wa manane, na hakuna mlinganyo utakaokwambia ni ipi. Fuatana kwanza na wanaotega.

Ni lazima niende ng'ambo?

La. Kilifi, kilomita zipatazo 60 kutoka hapa Mombasa, pana kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust (shirika la hisani la Uingereza) kilichoanzishwa 1989, ambacho kwa miaka mingi kimefuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa wakazi wa sehemu ya kaunti hiyo. Data za namna hiyo ni adimu popote duniani. Anayependelea bahari anayo KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, papa hapa Mombasa.

Nimwandikie vipi msimamizi wa shahada ya uzamili?

Kwa ufupi, na bila sifa nyingi. Taja makala yake moja, eleza ni mchoro gani ulijaribu kuuchora upya kwa R, programu ya takwimu isiyolipiwa hata senti, kisha useme waziwazi ulipokwama. Ambatisha kazi hiyo, hata ikiwa ni ya ukurasa mmoja. Matokeo ya chuo ataweza kuyaomba baadaye.