Nani kayapanga yale mawe jangwani?

SWALI: Mhariri habari za kazi, mi mtu wa Mwanza ila naishi California. Juzi baba watoto katupeleka Joshua Tree kule jangwani, nikakuta mawe makubwa yamebebana utadhani niko Capri Point ya kwetu Mwanza! Jirani yetu anasema upepo ndo umeyachonga. Mi sikubali ila sina jibu. – Mama Kulwa

JIBU: Nzuri Mama Kulwa. Jirani msamehe tu, fundi mkuu pale ni maji, tena kazi kubwa kaifanya mawe yakiwa bado yamefukiwa.

Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita ile graniti, yani mwamba wa hayo mawe, ilikuwa uji wa moto chini ya ardhi, ukapoa taratibu huko huko chini, ukaganda, afu ukapasuka nyufa za kusimama na za kulala, yani mwamba mzima kama ukuta wa matofali. Enzi hizo kulikuwa na unyevu kuliko sasa, maji ya mvua yakawa yanazama kwenye nyufa yanalainisha madini flani yanaitwa feldispa mpaka yanakuwa udongo wa mfinyanzi, ila madini mengine, kwatzi, yenyewe ngumu haigeuki inabaki chembechembe. Sa kona ndo zinaliwa haraka maana maji yanaziingilia pande kadhaa kwa mpigo. Si unaijua sabuni ya mche? Ukiikata ina kona kali, ukishafua mara mbili tatu imeshakuwa mviringo. Basi ndo hivo hivo.

Baadaye nchi ikakauka, mimea ikapungua, mafuriko ya ghafla yakazoa ule udongo laini, mawe yakabaki yamekaliana. Hakuna aliyeyapandisha!

Ukirudi pitisha kiganja kwenye jiwe, zitadondoka chembe kama sukari. Na lile linaloitwa Skull Rock, yani jiwe la fuvu, yale macho yake yalianza kama vishimo vidogo tu, maji yakituama yanakula, shimo likikua linashika maji mengi zaidi, linazidi kuliwa. Upepo nao upo, ila wenyewe unapeperusha tu kilichokwisha kulegea.

Na hapo kwenye Capri Point hujakosea, Jiwe la Bismarck na wenzake nayo ni graniti iliyoliwa kupitia nyufa, tofauti ni umri tu, miamba ya Mwanza ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, kwahiyo hiyo ya Joshua Tree bado kitoto kabisa.