Mabula au Makoye? Ushauri kwa wanaochagua jina la asili la mtoto wa kiume

Wazazi wanaoniomba ushauri wa majina huanza karibu wote na swali moja: lina maana gani? Mimi huwaambia waanze na lingine: linatoka kwa nani, na nani atakayekuwa analiita kila siku? Majina mawili ya asili yakigombania mtoto mmoja, hapo ndipo jibu hupatikana, kwa sababu kwa maana tu mtabishana mpaka arobaini ipite.

Mwanetu alizaliwa Machi, usiku wa mvua kubwa, maji yamejaa barabarani. Kwa Wasukuma mtoto wa namna hiyo jina lake liko tayari: wa kiume ni Mabula, wa kike ni Kabula, kwa ajili ya mvua. Majina yetu mengi yamezaliwa hivyo. Maige ni jina la kipindi cha nzige. Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuata ni Shija. Mama yangu alipokuja kunitazama wodini alimpokea mtoto, akamfunika vizuri, akaanza kumwita Mabula bila kumuuliza mtu. Upande wa mume wangu, hata hivyo, kulikuwa na jina lililokuwa linasubiri mjukuu wa kwanza wa kiume. Nalo ni la baba mkwe wangu: Makoye. Shida, matatizo.

Nilikataa moyoni. Nani anampa mtoto mchanga jina la shida? Ndugu zangu wa kanisani walinipa nguvu: jina linamfuata mtu, wakasema, atahangaika maisha yake yote. Hofu hiyo naiheshimu, ni ya mzazi anayempenda mwanawe. Lakini tazameni majirani zenu. Nchi hii imejaa akina Shida, Tabu, Masumbuko na Mashaka, na wamo walimu, madaktari, wafanyabiashara wakubwa. Doto Mashaka Biteko aliteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, na Mashaka limo katikati ya jina lake kila linaposomwa. Jina la namna hii haliombei mtoto mabaya. Linaeleza walipitia nini waliomleta duniani.

Kilichonibadilisha ni kwenda kumsikiliza mwenye jina. Tulimkuta baba mkwe ameketi chini ya mwembe, anapukuchua mahindi. Mume wangu alimwambia, "Baba, tunaomba utusimulie jina lako." Mzee hakuacha kupukuchua. Alisema mama yake alizika watoto kabla yake, na mwaka aliozaliwa yeye ng'ombe wa boma zima walikufa kwa ugonjwa. Walipomuuliza yule mama mtoto aitwe nani, akataja alichokuwa nacho. Kisha mzee akasema mtoto huyo ndiye aliyekaa. Kutoka kwake wamepatikana watoto, wajukuu, na ng'ombe wamerudi. Nilikuwa nimeishi kwenye ukoo ule miaka kadhaa, nikimpikia mzee na kumsalimia kwa heshima zote, na habari hiyo sikuwahi kuisikia.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujalikataa wala kulikubali jina la kurithi, nenda kwa mwenyewe akiwa hai, au kwa shangazi mkubwa anayekumbuka. Nendeni wote wawili, baba na mama. Usitume ujumbe wa simu. Kama jina lina habari mbaya kweli, ya mtu aliyewatesa watu au ugomvi ambao haujaisha, utaisikia hapo, nawe utakuwa na sababu ya kusema hapana bila kumvunjia mtu heshima.

Jambo la pili wanawake wenzangu watalielewa haraka. Katika koo nyingi mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Sasa mtoto amevuta sufuria la uji, mzee yuko barazani, utaita "Makoye, acha!" kwa sauti gani? Ndiyo maana watoto wengi waliorithi jina la babu huishia kuitwa "Babu" nyumbani, na jina lenyewe linabaki kwenye kadi ya kliniki. Mtoto anaanza shule, mwalimu anaita jina, yeye ametulia kimya. Nilimweleza mzee jambo hilo waziwazi, kwa adabu. Alicheka, akasema mtoto ana jina lake na yeye ana lake, niite. Siku ya kumtambulisha mtoto alileta mbuzi kwa ajili ya wajina wake. Ruhusa hiyo iombeni mapema. Bila hiyo, heri mchague jina la pili.

Wapo watakaosema babu yumo tayari kwenye majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. Kweli. Mtoto wetu angeitwa Mabula, bado Makoye lingekuwa mwishoni. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo suluhu nzuri, hasa kama babu hana haja ya kurithiwa jina. Kwetu mzee alitaka jina liitwe uani, watoto wenzake walisikie, na mimi nilishafika mahali pa kulitaka. Tukampa Makoye. Mabula limebaki kwa mama yangu, ambaye hajawahi kumwita vinginevyo, na mtoto anaitika yote mawili.

Kuhusu ubatizo, msitishwe. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Hailazimishi jina la Kizungu wala la mtakatifu. Ongea na paroko mapema.

Kwenye makaratasi ndipo pa kukaza macho. Jina la mtoto likifanana na la babu, linatokea mara mbili, mwanzo na mwisho, na karani anaweza kudhani umekosea akalifuta moja. Mwambie kabla hajaanza kuandika. Majina yenye ng'w yana taabu zaidi: nawafahamu ndugu wa tumbo moja, mmoja Ng'wandu, mwingine Mwandu, na baba ni huyohuyo. Kubalianeni herufi nyumbani, ziandikeni kwenye kikaratasi, mpeleke kikaratasi hicho pamoja na tangazo la kizazi mnapokwenda kuchukua cheti. Soma cheti herufi kwa herufi ukiwa bado umesimama pale dirishani. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA vikitofautiana hata kwa herufi moja, mtoto huyo akiwa mtu mzima ndiye atakayezunguka ofisini na viapo vya mwanasheria.