Mkuu, usithubutu kuacha dawa za TB mwezi wa pili

Usiache. Umeandika kwamba miezi miwili imeisha, kikohozi kimekata, mwili umerudi, na sasa unauliza kama unaweza kuacha dawa ili upumzishe ini, na kama utenge vyombo vyako nyumbani. Mwili umenisisimka kusoma, maana maneno hayohayo niliyasikia kwa mdogo wangu.

Yeye alidanganywa na muuza duka la dawa mtaani kwetu. "Dogo, umeshapona, hizo dawa kali zitakumaliza ini." Akamuuzia chupa ya kusafisha damu. Dawa za kliniki ni bure. Chupa ile ililipiwa. Mtu anayecheza na kifua cha mgonjwa ili auze chupa moja, mpaka leo nikipita pale damu inanichemka.

Dogo akaacha. Kwa muda alikuwa mzima kabisa, anabeba mizigo, anakula. Kisha jasho la usiku likarudi, shuka unaweza kulikamua. Makohozi yalipopimwa kwa GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, ikaonekana bakteria wake hawasikii tena rifampisini, dawa kuu ya TB. TB sugu hiyo. Akaanza upya na dawa nzito zaidi, na enzi hizo sindano zilikuwemo. Masikio yakaanza kuvuma. Leo ukimwita kutoka upande wa kushoto hageuki. Siku hizi TB sugu hutibiwa zaidi kwa vidonge, bedakwilini ikiwemo, lakini sikio la dogo halirudi.

Elewa kinachoendelea kifuani mwako. Miezi miwili ya kwanza unameza dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Zinaua upesi bakteria wanaozaliana kwa kasi, ndiyo maana kikohozi kinakata na unajiona umepona. Wanaobaki ni wachache waliolala, na bakteria aliyelala ni mgumu kumuua. Ile miezi minne inayofuata, ya rifampisini na isoniazidi, ni kwa ajili yao. Ukiacha sasa, wanaamka. Ukirukaruka dozi ni mbaya zaidi: wanaosalimika ni wale wanaoivumilia dawa, na haohao ndio utakaomkoholea mkeo.

Kuhusu ini, usijitibu kwa hofu. Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini tu, hauna shida. Macho yakiwa ya njano, au ukitapika mfululizo, kimbia kliniki siku hiyohiyo. Kusimamisha dawa au kuzibadilisha ni uamuzi wao. Miguu ikifa ganzi waambie, kuna vitamini B6.

Vyombo acha kuvitenga. TB haipiti kwenye kikombe wala sahani, inapita hewani, mgonjwa anapokohoa au kuongea ndani ya chumba kilichofungwa. Fungua madirisha. Watoto wapeleke wakachunguzwe, hasa wa chini ya miaka 5, hata kama walichanjwa BCG. Chanjo ile inawakinga zaidi na TB kali ya utotoni, kama ya utando wa ubongo, ila haizuii kila kitu. Wakikutwa hawana ugonjwa, kuna dawa za kinga.

Kama kliniki ni mbali, waombe mkeo awe msimamizi wako, akuone unameza kila siku. Na ukiwa na safari, waambie mapema wakupe dawa za kuondoka nazo.