Model S kwa safari za Masasi na Dar? Piga hesabu kwanza

Kaka, nimekuelewa: korosho zimelipa, umeona Tesla Model S iliyotumika, lile gari la umeme, na unauliza kama ni gari la kazi au la kuonekana mjini. Kwa safari zako za kutoka Mtwara kwenda Masasi na Dar, nakwambia kweli, ni la kuonekana.

Ile ya betri ya kWh 85 (kilowati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) ikiwa mpya ilikadiriwa kwenda kilomita 426. Ikichakaa hupungua, na Mtwara hadi Dar ni zaidi ya 500. Njiani utachaji wapi? Nyumbani, soketi ya kawaida ikitoa kilowati 2.3, betri tupu itajaa kwa saa 37 hivi au zaidi, umeme usipokatika. Halafu betri imelazwa chini ya sakafu. Barabara za mashambani zina mawe, kaka! Haibridi yangu tu, gari la petroli na umeme, ililala miezi miwili nikitafuta fundi wa betri.

Ukibaki Shangani na Mikindani, hapo hapo Mtwara, litakufaa. Ila kabla ya kulipa, dai ripoti ya afya ya betri, angalia ushuru kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA), na fundi umeme mwenye leseni akague nyaya za nyumba. Nyaya dhaifu zikichaji usiku kucha zinaweza kuwaka moto.