Nimemaliza hadithi juzi na mkono unaniwasha: nianze kuihariri lini?

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Mbale. Jumapili ya kwanza ya Septemba nilimaliza hadithi fupi ya maneno 4,200. Nilikusudia kuipumzisha lakini sikuweza hata siku moja. Jumatatu asubuhi nilishaifungua, na leo, siku ya tisa, nina mafaili saba: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wa kweli" na mengine. Kila nikisoma nabadilisha, kesho yake narudisha. Nataka kuipeleka kwenye Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Nisubiri muda gani, nifanye nini nikisubiri, na nikirudi nianzie wapi? Na katika mafaili saba nichukue lipi?

Jibu: Dada, salamu zimefika. Chukua faili la Jumapili, lile la kwanza. Mengine sita usiyafute. Yaweke kwenye folda yake na usiyafungue mpaka ufike hatua ya sentensi, ambayo bado iko mbali. Faili la Jumapili lipe jina lenye tarehe, jitumie kwenye barua pepe yako ili simu ikiibwa au kompyuta ikifa lisipotee, kisha lichapishe. Kwa herufi za ukubwa wa 12 na nafasi mbili kati ya mistari, maneno 4,200 yatakupa kurasa kama 15 hadi 17. Zitie kwenye bahasha, uziweke mahali ambapo utahitaji kupanda kiti ili kuzifikia.

Hamu unayoisikia si kosa. Ni joto lilelile lililokufikisha mwisho wa hadithi. Shida ni kwamba kwa sasa joto hilo linaweza kurekebisha maneno tu. Mtu aliyemaliza hadithi siku tisa zilizopita haisomi, anaikumbuka. Jicho linapita juu ya mstari, na kichwa kinatoa picha yote: duka, mama mwenye duka, ugomvi wa jana yake. Pengo lililoko kwenye karatasi linazibwa na kumbukumbu kabla hujaliona.

Tazama mistari hii mitatu, niliyoitunga kwa mfano:

"Nambozo aliteremka kwenye taksi, akanunua roleksi mbili, akaenda moja kwa moja dukani. Mlango ulikuwa umefungwa. Sasa alijua kwamba Wandera alisema kweli."

Anayeihariri siku ya pili atageuza "aliteremka" kuwa "alishuka", atafuta "moja kwa moja", ataongeza "kwa kufuli kubwa". Kesho yake atarudisha "aliteremka". Hakuna ubaya katika mabadiliko hayo, ila hakuna hata moja linalogusa ugonjwa. Msomaji mgeni anauliza: duka la nani? Wandera alisema nini? Mlango uliofungwa unathibitisha nini? Mwandishi anajua kwamba Wandera alimwambia Nambozo kuwa mama yao ameuza duka. Lakini sentensi hiyo aliifikiria akiwa anaoga na hakuwahi kuiandika, au aliikata alipokuwa anapunguza maneno. Kwake bado ipo.

Halafu kuna taksi na roleksi. Kwetu Uganda taksi ni gari la abiria 14, na roleksi ni chapati iliyoviringishwa na mayai. Msomaji wa Tanga anaona gari dogo lililokodiwa na mtu mmoja, kisha saa mbili za mkononi. Mwanamke asiye na kitu amegeuka tajiri ndani ya sentensi moja, na kila kinachofuata kitasomwa vibaya. Dawa yake si maelezo ya pembeni. Andika kwamba alishuka wa mwisho kati ya abiria 14, akanunua roleksi mbili na joto la mayai likapenya gazeti mpaka kiganjani. Kosa la namna hii haliwezi kuonekana na mwandishi wa Mbale mpaka hadithi imekuwa ngeni kidogo kwake.

Sasa muda. Kwa hadithi ya maneno 4,200 ningesema wiki tatu, na zisipungue mbili. Kwa hadithi isiyofika maneno 1,000 inatosha wiki moja. Riwaya nzima inataka wiki sita hadi miezi mitatu. Hizi ni hesabu za kazi, si sheria, na kuna kipimo kizuri kuliko kalenda: bila kufungua bahasha, jaribu kusema sentensi yako ya kwanza kwa moyo. Ikitoka neno kwa neno, bado. Jaribu kupanga matukio kwa mfuatano wake. Ukianza kusitasita kama mazishi yalikuja kabla ya barua au baada yake, umekaribia. Usivuke miezi mitatu kwa hadithi fupi, kwa sababu sauti uliyoiandikia hupoa, na ukirudi utaandika hadithi nyingine juu ya ile ya kwanza. Viraka vya namna hiyo msomaji huviona.

Wiki hizo tatu hamu itakuamsha usiku. Weka daftari dogo karibu na kitanda. Ukikumbuka kwamba pikipiki iliuzwa mwanzoni lakini mjomba anaipanda tena karibu na mwisho, andika mstari mmoja: tarehe, kosa, sehemu lilipo. Funga daftari. Faili halifunguliwi. Ukishaliandika, akili haina tena sababu ya kulibeba, na hapo ndipo usingizi hurudi.

Kuna jambo moja tu ambalo ningekuruhusu usilichelewe: tukio zima ambalo halikuandikwa na sasa unaliona wazi, na maneno ya wahusika unayasikia. Liandike siku hiyohiyo, kwenye karatasi mbali na hadithi, bila kuangalia litaingia wapi. Joto la tukio jipya likipotea halirudishwi na subira. Zaidi ya hapo, anza hadithi nyingine, hata ya kurasa mbili. Kichwa kilichoshughulika na wahusika wapya huwaachia wa zamani haraka kuliko kichwa kilichokaa bure.

Na tafadhali usiibandike hadithi kwenye ukurasa wako wa Facebook ili "upate maoni". Tuzo unayoitaka inapokea hadithi ambazo hazijachapishwa, na kabla ya kuiweka wazi kwenye intaneti soma masharti yake yanasemaje juu ya hilo. Usihatarishe nafasi kwa haraka hii ya kutaka kusomwa.

Siku ya kurudi, kalamu moja tu na dakika 45. Soma kurasa zote kwa sauti, kikao kimoja. Kwa mwendo wa maneno 100 kwa dakika, 4,200 ni dakika 42. Usisahihishe chochote, hata herufi iliyoruka. Weka alama tatu pembeni: mstari wa wima ulipochoka, alama ya kuuliza usipoelewa, na X usipoamini kwamba mtu yule angefanya vile. Ulimi ukijikwaa, piga nukta. Ukimaliza, geuza karatasi ya mwisho uandike nyuma yake sentensi moja: nani anataka nini, na nini kinamzuia. Sentensi hiyo ikigoma kutoka, tatizo la hadithi liko hapo, na hakuna neno zuri litakaloliponya.

Kisha chora jedwali la matukio. Kila tukio liwe na mahali, saa, waliopo, idadi ya maneno, na safu ya mwisho: nini kimebadilika tukio linapokwisha. Hadithi ya urefu wako huwa na matukio matano hadi manane. Safu ya mwisho ikiwa tupu, tukio hilo linakatwa au linaunganishwa na jirani yake. Tazama pia safu ya maneno. Tukio la kwanza likila 1,500, zaidi ya theluthi moja, jua ulikuwa bado unaitafuta hadithi huku unaandika. Ni kawaida kabisa, na mara nyingi mwanzo halisi uko ukurasa wa tatu.

Mpangilio wa kazi ni mkubwa kwanza, mdogo mwisho: matukio, kisha wahusika na mazungumzo, kisha sentensi, kisha tahajia. Ukiipamba aya kwa saa mbili kabla ya kujua kama itabaki, hutapoteza saa mbili pekee. Utashindwa kuikata, maana umeshaipenda. Hivyo ndivyo mafaili saba yanavyozaliwa.

Kwenye mazungumzo, amua mapema lugha ya kila mhusika. Mzee akiitwa "ssebo", yaani bwana kwa Luganda, kwenye tukio la pili na "bwana" kwenye la tano bila sababu, msomaji atadhani ni watu wawili. Luganda au Lugisu kwenye midomo ya wahusika ni uhai wa hadithi, mradi maana ionekane kwenye jibu la anayeambiwa.

Hatua ya sentensi ndiyo ya kufungua yale mafaili sita. Huenda ukachagua humo misemo minne mitano iliyo bora. Hapa tazama nyakati: masimulizi yaliyoanza na "-li-" na kufuatiwa na "-ka-" yasiteleze kwenye "-na-" pasipo sababu. Hesabu "ambaye" na "ambayo". "Mtu aliyekuja" hushinda "mtu ambaye alikuja" karibu kila mara. Sisi wa Uganda tuna mitego yetu, kwa sababu tunavyosema sokoni sivyo tunavyotaka kuandika kwenye masimulizi: "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", "ata" badala ya "hata", na "l" na "r" kubadilishana, mpaka "kula" ikawa "kura" na chakula kikageuka uchaguzi. Zima pia usahihishaji wa Kiingereza kwenye kompyuta na simu. Mistari myekundu chini ya kila neno huchosha jicho lisione kosa la kweli, na kibodi ya simu hugeuza neno la Kiswahili kuwa la Kiingereza kimyakimya.

Kwa ratiba yako: tuzo hiyo inapokea Kiswahili, urefu ni maneno 2,000 hadi 5,000, kuingia ni bure, na kwa kawaida mlango hufunguliwa Septemba 1 na kufungwa Novemba 1; hakikisha kwenye masharti ya mwaka wenyewe. Kwa kuwa umeigusa kila siku, hesabu wiki tatu kuanzia leo, si kuanzia Jumapili ile. Zitakuishia mwanzoni mwa Oktoba. Siku kumi za matukio na mazungumzo, siku nne za kupumzisha tena, siku tano za sentensi, kisha mpe msomaji mmoja asiyeijua hadithi. Usimuulize kama ameipenda. Mwombe akusimulie kilichotokea, na popote atakapokosea, rudi kwenye ukurasa huo. Tuma wiki ya mwisho ya Oktoba inapoanza; usingoje usiku wa mwisho, umeme na mtandao vinapokuwa na mambo yao.

Anayesoma haya akiwa na siku tatu tu hana wiki za kungoja, basi aifanye hadithi ngeni kwa mikono: abadilishe aina ya herufi na upana wa ukurasa, achapishe, alale usiku mmoja, kisha amwombe mtu mwingine amsomee kwa sauti yeye akiwa amekaa bila nakala mbele yake. Pale msomaji atakaporudia sentensi mara mbili, au atakapoweka mkazo kwenye neno lisilostahili, ndipo pa kurekebisha kwanza.